Sindano ya Kortizoni na Kipimo Chake

Tuanze somo hili kwa mfano. Fikiri juu ya mama mmoja mkulima, mwenye umri wa miaka hamsini na mitano. Tangu ujana wake amebeba viazi na kuni mgongoni, kamba ikishikwa na paji la uso, akipanda na kushuka vilima vya Butembo. Sasa goti lake la kuume limevimba. Usiku linamuuma, na asubuhi hawezi kuchuchumaa ili awashe moto. Jirani yake anamwambia, "Mama, nenda kwa yule kijana mwenye farmasi karibu na soko. Ana sindano moja. Ukichomwa leo, kesho utakimbia."

Mama anakwenda, anachomwa, na kesho yake anapanda mlima bila fimbo. Anafurahi sana. Baada ya majuma mawili maumivu yanarudi, naye anarudi kwa kijana. Mwezi wa pili anachomwa kila juma. Uso wake unajaa na kuwa mviringo. Majirani wanamsifu, "Mama, umenenepa! Watoto wako wanakulisha vema." Naye anacheka. Lakini mikono na miguu yake inakonda. Anaona kiu mchana kutwa, na usiku anaamka mara nyingi kwenda kukojoa. Kidonda kidogo cha mguuni hakiponi. Kisha kijana anafunga farmasi yake na kusafiri kwenda Kasindi kwa biashara. Mama anakosa sindano kwa siku kumi. Anaanza kutapika, analegea mwili wote, na asubuhi moja anaanguka njiani akienda shambani.

Je, mama huyu alipewa sumu? Sivyo. Alipewa dawa njema, ambayo madaktari wa dunia nzima wanaitumia, nayo imeokoa watu wengi. Lakini alipewa bila kupimwa ugonjwa, bila kuhesabu kiasi, na bila mtu wa kumwangalia. Ndiyo maana tumeandika somo hili. Tunataka ujue dawa hii ni nini, inapimwaje, na ni maswali gani ya kuuliza kabla hujatoa mkono wako au goti lako lichomwe.

1. Uvimbe wa moto ni nini?

Mwiba ukiingia kidoleni, kidole huvimba, huwa chekundu, hupata moto, huuma, nacho hakiwezi kufanya kazi. Hizo ndizo alama tano za uvimbe wa moto. Mwili wenyewe unafanya hivi kwa makusudi. Unapeleka damu nyingi na askari wake mahali pa hatari ili wapigane na adui. Kwa hiyo uvimbe wa moto si adui yako kila mara. Mara nyingi ni ulinzi wako.

Lakini pengine ulinzi huo hupita kiasi. Katika magonjwa mengine ya viungo, askari wa mwili hushambulia magoti na vidole pasipokuwa na adui yeyote. Katika ugonjwa wa pumu hufunga njia za pumzi. Katika ukoma, mgonjwa akipatwa na badiliko la ghafula, mishipa ya fahamu huvimba, na mkono waweza kupooza kwa siku chache tu. Hapo twahitaji dawa ya kutuliza vita. Dawa yenye nguvu kuliko nyingine katika kazi hiyo ni zile za jamii ya kortizoni.

Angalia neno hili vizuri: dawa hizi hutuliza vita, lakini haziondoi mwiba. Kama ndani ya goti mna vijidudu na usaha, sindano ya kortizoni itawafunga askari mikono, na vijidudu vitakula goti bila kuzuiwa. Mgonjwa ataona nafuu siku mbili, huku kiungo chake kinaharibika.

2. Dawa hii ilitoka wapi?

Tarehe 21 Septemba 1948, katika mji wa Rochester nchini Marekani, Daktari Philip Hench na wenzake katika Mayo Clinic walimpa sindano ya dawa hii mwanamke kijana wa miaka 29. Viungo vyake vilikuwa vimevimba na kukakamaa kwa miaka mingi, hata hakuweza kutembea vema. Alipewa miligramu 100 kila siku. Baada ya siku chache aliinuka akatembea, na baada ya juma moja alikwenda mjini akazunguka madukani saa tatu. Watu walistaajabu sana. Mwaka 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Lakini habari haikuishia hapo. Wagonjwa waliopewa dawa nyingi kwa muda mrefu walianza kuvimba uso, kupata ugonjwa wa sukari, kuvunjika mifupa, na wengine kuchafuka akili. Tena dawa ilipoachwa, ugonjwa ulirudi. Basi madaktari walijifunza kwamba nguvu kubwa yahitaji kipimo kidogo. Mwaka 1951 Daktari Joseph Hollander wa Philadelphia alionyesha njia nyingine: badala ya kuieneza dawa mwilini mwote, aliichoma ndani ya kiungo kile kile kinachouma. Njia hiyo yatumika hata leo, kwa sababu dawa kidogo mahali pake yafaa kuliko dawa nyingi kila mahali.

3. Mwili wako una kipimo chake

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizi mbili hutengeneza kortizoni ya mwili wenyewe kila siku, zaidi asubuhi, kidogo usiku. Bila hiyo mtu hawezi kuishi. Kwa siku moja mtu mzima hutengeneza kiasi cha miligramu 10 mpaka 20 hivi, zikihesabiwa kama hidrokortizoni. Ukiwa na homa kali, au ukipasuliwa, tezi huongeza kazi.

Sasa tufanye hesabu. Dawa za jamii hii hazina nguvu sawa. Miligramu 20 za hidrokortizoni zina nguvu sawa na miligramu 5 za prednisoloni, au miligramu 4 za triamsinoloni au za methiliprednisoloni, au robo tatu tu ya miligramu moja ya deksametazoni. Maana yake, ampuli moja ya deksametazoni yenye miligramu 4, ambayo watu huiita "deksa" na kuiona kuwa kitu kidogo, ina nguvu kama miligramu 100 na zaidi za hidrokortizoni. Hiyo ni kazi ya tezi zako kwa siku tano au kupita. Mtu akichomwa ampuli mbili kila siku, anajaza nyumba maji ya mvua wakati alihitaji mtungi mmoja.

Kwa hiyo usikubali mtu akuambie, "Nilikupa kidogo tu, mililita moja." Mililita ni kipimo cha maji, si kipimo cha nguvu. Chupa moja ya triamsinoloni yaweza kuwa na miligramu 10 katika kila mililita, na nyingine miligramu 40. Kwa macho ni maji yale yale meupe. Anayechoma lazima asome jina la dawa, idadi ya miligramu, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chupa. Nawe una ruhusa ya kuyasoma hayo, au kumwomba mtoto wako anayesoma shule akusomee.

4. Vipimo vya sindano ya kiungo

Hesabu tunazoandika hapa si za kukufanya ujichome mwenyewe nyumbani. Sindano ya kiungo yataka mkono uliofundishwa, ngozi iliyosafishwa, na mtu anayejua mshipa wa damu, mshipa wa fahamu na ukano viko wapi. Tunaziandika ili ukiambiwa neno lililo mbali sana nazo, ushtuke na kuuliza.

Triamsinoloni, ambayo wengine huijua kwa jina la Kenacort, kwa mtu mzima hutumika hivi:

Goti au bega: mara nyingi miligramu 40, au kati ya 20 na 40.

Kiwiko, kifundo cha mkono au kifundo cha mguu: kati ya miligramu 10 na 30.

Viungo vidogo vya vidole: kati ya miligramu 5 na 10.

Methiliprednisoloni ya kiungo, ambayo huitwa Depo-Medrol, huwekwa miligramu 20 mpaka 80 katika kiungo kikubwa, 10 mpaka 40 katika kiungo cha kadiri, na 4 mpaka 10 katika kiungo kidogo. Unaona namna kipimo kinavyofuata ukubwa wa kiungo. Kidole hakipewi chakula cha goti.

Dawa hizi mbili ni nyeupe kama maziwa, maana zina chembechembe zinazoyeyuka polepole. Ndiyo sababu hukaa kiungoni kwa majuma. Ni kwa sababu hiyo hiyo hazichomwi kamwe katika mshipa wa damu. Wala hazichomwi ndani ya ukano wenyewe, kama ule mnene wa nyuma ya kisigino, kwa kuwa ukano hulegea na kukatika. Zikichomwa takoni, huenea mwilini mwote na kukaa huko majuma kadhaa. Hapo si dawa ya goti tena, ni dawa ya mtu mzima wote, pamoja na madhara yake.

5. Mara ngapi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anayesukuma chukudu yenye magunia kutoka mashambani mpaka sokoni Butembo ana bega linalouma. Anachomwa, anapata nafuu, anarudi kazini siku ile ile na mzigo ule ule. Maumivu yanarudi, anachomwa tena. Hajui kwamba maumivu yalikuwa kama kengele iliyomwambia, "Pumzisha bega." Amenyamazisha kengele, na moto bado unawaka.

Sheria ya kawaida ni hii: kiungo kimoja kisichomwe tena kabla miezi mitatu haijapita, wala kisichomwe zaidi ya mara tatu au nne kwa mwaka. Hata kipimo hicho si cha kufuata miaka na miaka. Mwaka 2017 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 140 wenye magoti yaliyochakaa. Nusu walichomwa triamsinoloni miligramu 40 gotini kila majuma 12 kwa miaka miwili. Nusu walichomwa maji ya chumvi tu. Mwisho wa miaka miwili maumivu ya makundi hayo mawili hayakuwa na tofauti. Lakini wale waliochomwa dawa, gegedu la magoti yao, ile nyama laini ngumu inayofunika ncha za mifupa, lilikuwa limepungua zaidi.

Basi, sindano ya goti lililochakaa ni msaada wa majuma machache. Itumie kama mtu anayepewa likizo: wakati maumivu yametulia, fanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, punguza mzigo, gawa gunia moja kuwa safari mbili, shika fimbo kwa mkono wa upande mwingine wa goti bovu, na kama mwili umekuwa mzito, upunguze. Kazi hizo ndizo zinazolinda goti kwa miaka.

Baada ya kuchomwa, pumzisha kiungo siku moja au mbili. Wengine huona maumivu yakizidi kwanza siku hiyo na kesho yake, kisha yanatulia. Kitambaa chenye maji baridi chasaidia. Lakini kama siku ya tatu kiungo kinazidi kuvimba na kupata moto, au una homa, usingoje. Rudi hospitali siku ile ile, kwa sababu yawezekana vijidudu vimeingia.

6. Mambo ya kumwambia daktari kwanza

Daktari hawezi kuona yote kwa macho. Mwambie mambo haya bila kuona haya:

Kama una ugonjwa wa sukari. Sindano moja tu ya kiungo yaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, nawe utahitaji kupima mara nyingi zaidi.

Kama unakohoa zaidi ya majuma mawili, au uliwahi kuugua kifua kikuu, au unaishi na mtu anayekiugua. Ugonjwa uliolala waweza kuamka.

Kama una tansio, vidonda vya tumbo, au unatumia vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki. Mchanganyiko wa diklofenaki na deksametazoni, ambao wengine huuza kama "sindano ya mgongo", huzidisha hatari ya tumbo kutoka damu.

Kama unatumia dawa za virusi vya SIDA. Baadhi ya dawa hizo huzuia kortizoni isiishe mwilini, na kipimo cha kawaida hugeuka kuwa kikubwa mno.

Kama una mimba, au una homa, au una kidonda chenye usaha mahali popote.

Tena kuna minyoo mmoja mdogo, strongiloidesi, anayeingia kupitia ngozi ya miguu ya watu wanaotembea peku katika udongo wenye unyevu. Aweza kukaa tumboni miaka mingi bila kelele. Mwili ukinyweshwa kortizoni nyingi, minyoo huyo huzaana bila kipimo, akapita katika mapafu na mahali pengine, na mgonjwa aweza kufa. Kwa sababu hiyo daktari aweza kukupima choo na kukutibu minyoo kabla ya kukuanzishia kortizoni ya muda mrefu. Usimcheke. Anajua anachofanya.

7. Ugonjwa upi wapaswa, na upi haupaswi?

Katika nchi yetu mtoto akipata homa kali, wazazi wengine huomba "sindano ya kutuliza upesi", na wauzaji wengine huwapa deksametazoni. Homa inashuka, mtoto anacheza, wazazi wanalala. Lakini malaria haikuguswa. Mwaka 1982 madaktari nchini Thailand walieleza habari za wagonjwa 100 waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. Waliopewa deksametazoni walikaa bila fahamu muda mrefu zaidi, na madhara kwao yalizidi. Dawa ya malaria ni dawa ya malaria. Kortizoni si yake.

Sasa usikie upande wa pili. Mwezi wa Juni 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio kubwa. Wagonjwa walipewa deksametazoni miligramu 6 tu, mara moja kwa siku, kwa siku zisizozidi kumi. Kati ya waliopumua kwa mashine, vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kati ya waliopewa oksijeni, vilipungua kwa moja ya tano. Lakini kati ya wale ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa haikuleta faida yoyote. Ilikuwa dawa ile ile, kipimo kile kile. Mgonjwa aliyefaa aliokoka, na asiyefaa hakupata kitu.

Nasi hapa kwetu tunao mfano wa karibu. Watu wa Beni wanaijua Oicha, mahali ambapo Daktari Carl Becker, Mmarekani, alianza kazi katika miaka ya 1930, na wagonjwa wengi sana wa ukoma walikuja kutibiwa. Leo ukoma huponywa kwa vidonge. Lakini mgonjwa akipatwa na lile badiliko tulilolitaja, mishipa yake ya fahamu ikivimba na kuuma, hupewa vidonge vya prednisoloni, mara nyingi kwa kuanza na miligramu 40 kwa siku, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa majuma mengi. Akifika mapema, vidole vyake huokoka. Akichelewa, au akiacha katikati, aweza kubaki na mkono uliopinda maisha yake yote. Kwa mtu huyo kukataa kortizoni kwa hofu ni kosa, kama vile kwa yule mama kuitumia ovyo kulivyokuwa kosa.

Neno moja kwa dada zetu. Wako watu wanaotafuta vidonge au sindano za deksametazoni ili wanenepe. Unene huo si afya. Ni maji na mafuta yanayojaa usoni na tumboni, huku misuli na mifupa inapungua. Anayekuuzia unene wa namna hiyo anakuuzia ugonjwa.

8. Usiache ghafula

Hili ni jambo la kuokoa uhai, kwa hiyo lisome mara mbili.

Mtu akipewa kortizoni nyingi kutoka nje kwa zaidi ya majuma matatu hivi, tezi za juu ya figo hulala. Zinaona kazi yao imefanywa na mwingine. Siku dawa inapokatwa ghafula, tezi haziwezi kuamka mara moja. Mwili unabaki bila kortizoni kabisa. Mtu hulegea, hutapika, tumbo humuuma, kizunguzungu humshika akisimama, damu yake hukosa nguvu, naye aweza kuanguka na kufa. Akipatwa na malaria au kuharisha katika siku hizo, hatari huzidi.

Basi, kama wewe au mtu wa nyumba yako mmetumia dawa hizi kwa majuma mengi, msizitupe leo kwa hofu baada ya kusoma somo hili. Kusanya ampuli, chupa na makaratasi yote ya dawa, uyapeleke hospitali, useme wazi, "Nimechomwa hivi, kwa muda huu." Hutakemewa. Daktari atakupangia namna ya kupunguza polepole. Na ukipasuliwa au kuugua sana katika mwaka unaofuata, uwaambie tena waganga wako, ili wajue kwamba tezi zako huenda bado ni dhaifu.

9. Sindano yenyewe iwe safi

Hatuwezi kusahau miaka ya Ebola. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, ilipotangazwa katika eneo la Beni, mpaka tarehe 25 Juni 2020, ilipotangazwa kuwa imekwisha, watu zaidi ya 3,400 waliugua, na zaidi ya 2,200 walikufa, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri kwa wingi. Beni, Mabalako, Butembo na Katwa zililia sana. Wale waliochunguza njia za ugonjwa waliona kwamba wengine waliupata katika vituo vidogo vya matibabu, walikokwenda kwa ajili ya homa au maumivu mengine, na ambako usafi wa mikono, wa vitanda na wa sindano haukutunzwa. Mtu alikwenda kutafuta nafuu akarudi na kifo.

Kwa hiyo bomba la sindano na ncha yake vitoke katika karatasi mpya iliyofungwa, nawe uone ikifunguliwa. Ncha moja ni ya mtu mmoja, mara moja. Chupa isichomwe kwa ncha iliyotumika. Anayechoma anawe mikono. Na sindano iliyotumika itupwe katika sanduku gumu, si katika shimo ambapo watoto huchezea. Mbali na Ebola, homa ya ini na SIDA hupita kwa njia hiyo hiyo.

10. Maneno sita ya kuuliza

Kabla ya kuchomwa, uliza kwa upole, lakini uulize:

Ugonjwa wangu ni upi?

Dawa hii inaitwaje?

Ni miligramu ngapi?

Inachomwa wapi: kiungoni, takoni au katika mshipa?

Nitachomwa tena lini, na mwisho ni lini?

Nikiona dalili gani nirudi upesi?

Mwuguzi mwema hatakasirika. Atafurahi, na ataandika majibu hayo katika daftari lako. Litunze daftari hilo pamoja na karatasi zako za maana, na uje nalo kila safari. Kama mtu hawezi kujibu maswali hayo, vaa viatu vyako, umwage, uende zako. Maumivu ya siku moja zaidi yanavumilika.

Sasa turudi kwa yule mama tuliyemwacha njiani. Tuseme watu waliokuwa wakienda shambani walimwona, wakamweka juu ya pikipiki na kumfikisha hospitali. Mwanawe alikuwa na akili: aliokota ampuli tupu zilizobaki nyumbani, akaja nazo. Daktari alipozisoma, alifahamu mara moja. Alimpa mama hidrokortizoni katika mshipa pamoja na maji ya chumvi na sukari, akapima damu yake, akaosha kidonda. Kesho yake mama aliketi akanywa uji. Ilimbidi kumeza vidonge kwa miezi, kipimo kikipungua kidogo kidogo. Goti bado lamuuma siku za mvua. Lakini sasa anagawa mzigo wake mara mbili, anatembea na fimbo, na kila mwezi anapimwa sukari.

Unaona, dawa iliyomwangusha na dawa iliyomwinua ni za jamii moja. Tofauti ilikuwa katika kipimo, na katika mtu aliyeshika sindano.

Maswali ya kukumbuka somo

1. Taja alama tano za uvimbe wa moto.

2. Kwa nini goti lenye usaha lisichomwe kortizoni?

3. Ampuli moja ya deksametazoni ya miligramu 4 ni sawa na kazi ya tezi zako kwa siku ngapi?

4. Kiungo kimoja chaweza kuchomwa mara ngapi kwa mwaka?

5. Mtu aliyetumia dawa hii majuma mengi afanye nini akitaka kuiacha?

6. Ni nani nyumbani mwako au katika kijiji chako anayehitaji kusikia somo hili juma hili? Mpelekee.